Betri ya Konokono

4 Februari

Mpwa wangu Futi,

Marahaba. Kosa wanalofanya watu wengi betri ya tela inapokufa ni hili: wanafungua boksi, wanasoma maandishi ya ile iliyokufa, wanayanakili kwenye kiganja, kisha wanakwenda dukani kuomba nyingine kama hiyohiyo. Hawajiulizi kama marehemu alifaa tangu mwanzo. Ni kama mjane kuolewa na pacha wa mume aliyekuwa akimliza, kwa sababu tu viatu vilivyobaki vitamtosha.

Kwa hiyo wiki hii usinunue kitu.

Barua yako dereva wa lori la maji aliniletea jana mlangoni, ikiwa na harufu ya dizeli na alama ya kikombe cha chai. Mwambie barua za watu si kisahani. Lakini mshukuru pia, maana huko kwenye kambi yenu ya barabara simu hazishiki, na hapa kwangu zikishika mimi sisikii.

Umeandika kwamba betri ya Konokono, hilo tela unaloishi, imekufa, na kwamba mama yako anakuja kukaa nawe kabla mwezi haujaisha. Umeyaandika kama mambo mawili. Kwangu ni jambo moja. Dada yangu halali bila mashine yake ya kupumulia, na mashine hiyo inakula umeme usiku kucha. Mimi nilikuwepo daktari alipomwambia kwamba usingizini pumzi yake inakatika mara nyingi ndani ya saa moja, moyo unahangaika, na kwamba barakoa ile avae kila usiku, si usiku anaojisikia.

Sasa nisikilize kidogo. Betri za kawaida ziko za kazi mbili. Ya kuwashia injini ni bondia wa ngumi moja: inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini ikinguruma inarudishiwa ilichotoa, inakaa. Ukiikamua polepole usiku kucha, siku baada ya siku, ndani yake madini yanamomonyoka na haifiki mbali. Ya pili ni ile ambayo dukani wanaiita betri ya sola. Hiyo ni mchukuzi. Haina ngumi kubwa, lakini inabeba mzigo wake hatua kwa hatua hadi asubuhi, na kesho inabeba tena. Nyumba inataka mchukuzi.

Andika kila kinachotumia umeme ndani ya tela lako, kinakula ampea ngapi, na kwa saa ngapi. Pima boksi la betri: urefu, upana, kina. Soma kile kisanduku kinachodhibiti chaji kutoka kwenye paneli, uniambie kinakubali betri za aina gani. Na kaifute vumbi hiyo iliyokufa uniambie ilikuwa nini.

Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua. Wewe na mimi tutakuwa mashahidi.

Mjomba wako


10 Februari

Mjomba, shikamoo.

Karatasi yako hii hapa. Taa nne, pampu ya maji, na feni ndogo: vyote pamoja havizidi ampea-saa nane kwa usiku. Friji inatumia gesi. Vifaa vyangu vya kupimia barabara nachajia ofisini kwenye jenereta, kwa hiyo usivihesabu. Mashine ya mama, kaka alinisomea maandishi yake nilipokwenda mjini: ikipitia kwenye inveta inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, ni kama ampea nne, kwa saa nane. Boksi linachukua betri moja, mbili hazikai hata uzipake mafuta. Kisanduku cha chaji kina vitufe vitatu, kimoja kimeandikwa lithiamu. Sikuwahi kukigusa.

Halafu hiyo iliyokufa. Nimeifuta vumbi nikakuta picha ya lori. Nikambebea fundi wa magari wa hapa kituoni, yule tunayemwita Daktari wa Kutu, akacheka hadi akashika gurudumu asianguke. "Nani alikuwekea betri ya lori kwenye nyumba? Ulitaka kuwasha kitanda?" Mjomba, wewe ndiye uliyesimamia matengenezo ya Konokono. Kazi ya umeme ulimpa nani? Nataka nimrudishie betri yake mlangoni kwake.

Daktari wa Kutu anazo tatu za kuuza. Anazipiga makofi kama matikiti na kusikiliza. Anasema iliyo nzuri inajibu.

Sasa lililo zito. Kaka amekubali mama aje, lakini kwa sharti. Amesema: "Siku mashine hiyo itakapozimika kwa sababu ya umeme, hata mara moja, namfuata siku hiyohiyo." Simlaumu. Yeye ndiye aliyemkuta mama amekaa kitandani akitafuta pumzi kabla hajapewa mashine. Lakini kule kwake ni ghorofa ya nne, yeye na mkewe wako kazini kutwa, na mama anashinda akihesabu magari ya rangi nyekundu dirishani. Mara ya mwisho aliniambia yamefika mia moja na sita, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba.

Hilo la sharti mama hajui. Usimwambie.

Nipe jina la betri nikainunue.

Futi


15 Februari

Mpwa wangu,

Kuhusu aliyeweka betri ya lori, tumwache. Yaliyopita si ndwele.

Tuje kwenye hesabu. Mashine, ampea nne kwa saa nane, ni thelathini na mbili. Ongeza nane zako. Arobaini kila usiku. Daktari wa Kutu atakuonyesha betri ya sola iliyoandikwa mia, nawe utaona arobaini ndani ya mia ni kidogo, utafurahi. Usifurahi bado. Hiyo nayo ndani ni madini ya risasi, na betri ya risasi ukiitumia zaidi ya nusu unaipunguzia umri. Muuzaji anauza mia. Risasi inakupa hamsini. Usiku mmoja utapita. Mawingu yakikaa siku mbili na paneli isirudishe kilichotoka, usiku wa pili mashine inazimika, na kaka yako anawasha gari.

Kwa betri za risasi unahitaji mia mbili, yaani mbili kubwa, na umesema boksi linakataa. Hata likikubali, ni zaidi ya kilo hamsini juu ya ulimi wa tela, pale linaposhikana na gari, na wewe unahama kila barabara inaposogea. Gari lako litainua pua kama farasi.

Inabaki lithiamu. Hiyo inakupa karibu yote iliyoandikwa juu yake, nayo ni nyepesi kwa zaidi ya nusu. Lakini mimi nimefundisha betri za risasi miaka thelathini na moja, nimezipasua, nimezionja tindikali kwa bahati mbaya. Ya lithiamu sijawahi kuifungua, na sipendi kusifia nisichokijua. Chuoni kuna mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ndiye mwalimu. Nipe muda nikakae kwenye dawati lake.

Kwa sasa, chochote utakachokuwa nacho, pima volti kila alfajiri kabla hujawasha kitu. Betri ya risasi ya mia iliyojaa husoma kumi na mbili nukta saba. Ikishatoa arobaini, utaona nukta tatu. Nukta mbili ni nusu. Ikigusa kumi na mbili kamili, unaiibia maisha yake.

Usinunue.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimenunua. Usikunje uso. Kaka alipata likizo mapema akamleta mama tarehe ishirini na moja, bila taarifa, na Konokono ilikuwa giza tupu. Ningemwambia nini, kwamba mjomba yuko darasani? Nikamkimbilia Daktari wa Kutu, nikachukua betri moja ya sola ya mia, ile iliyojibu kofi vizuri.

Na inafanya kazi, Mjomba! Nimeazima mita ya ofisini, napima kila alfajiri kama ulivyoagiza. Ya kwanza ilisoma nukta tatu, nikashtuka, nikasema basi tumekwisha. Lakini tangu hapo ni nukta sita kila siku, hata siku zile mbili za mawingu. Daktari wa Kutu anasema betri mpya huanza kwa kujizoeza, kama kiatu. Amesema pia, na mimi nafikisha tu, kwamba hesabu za mjomba ni za enzi za taa ya chemli.

Mama ana furaha ambayo sijaiona miaka. Anakaa nje chini ya turubai, anamjua kila mtu kambini kwa jina la kazi yake na la kijijini kwao. Juzi alimrudisha msimamizi wa lami akanawe mikono kabla hajashika mkate, na yule bwana, ambaye hata mhandisi mkuu anamwogopa, alikwenda akanawa. Magari mekundu hayahesabu tena.

Jambo moja tu. Anasinzia. Juzi alisinzia na kisu mkononi, kitunguu kikiwa nusu. Akiamka asubuhi anashika kichwa, anasema ni joto la bati. Labda nitafute turubai zito zaidi. Kaka anafika mwishoni mwa mwezi kuangalia hali, sitaki akute mama anagonga meza kwa paji la uso.

Ahsante kwa masomo, lakini nadhani tumeshavuka.

Futi


3 Machi

Kaka, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa kitandani, karatasi nimeiweka juu ya mfuniko wa sufuria. Mwanangu Futi yuko mezani anakuandikia yake. Hatujaambiana, lakini tela lenyewe urefu wake ni hatua saba, siri haina pa kukaa.

Ninachotaka kusema ni kifupi. Mwache mtoto na betri yake. Inatosha. Inabaki hata. Usimjaze mahesabu akaenda kuingia gharama nyingine kwa ajili yangu. Nalala vizuri, naamka vizuri, sina ninalohitaji. Wewe nakujua tangu unavua magurudumu ya kiti cha babu: ukipewa namba mbili lazima utafute ya tatu. Safari hii nakuomba usiitafute.

Hapa ni pazuri, kaka. Nikifungua mlango natokea nje. Huwezi kujua hilo ni kitu gani mpaka ukae mahali ambapo ukifungua mlango unatokea kwenye ngazi.

Dada yako


4 Machi

Futi,

Dereva amesimama mlangoni na injini inaunguruma, kwa hiyo sitaanza na salamu.

Nimezipata barua mbili, yako na ya mama yako, na nimekaa nazo mezani tangu alfajiri. Betri haijizoezi kama kiatu. Betri mpya siku ya kwanza ndiyo inayosema kweli kuliko siku zote. Ile nukta tatu iliyokushtua ndiyo hesabu yangu ilivyotabiri: arobaini zimetoka. Nukta sita maana yake zimetoka nane. Nane ni taa zako, pampu na feni. Hapo ndani hakuna mashine ya kupumulia.

Kisha unaniambia anasinzia na kisu mkononi, na kichwa kinamuuma asubuhi. Hizo ndizo dalili alizopelekwa nazo kwa daktari mwaka juzi. Kisha yeye mwenyewe ananiandikia kwamba betri inabaki na nisitafute namba ya tatu. Mtu asiyeficha kitu hawezi kujua kwamba kuna namba ya tatu.

Dada yangu tukiwa wadogo tulimwita Zimataa. Wageni wakiaga tu, kabla hawajafika uani, yeye ameshapunguza utambi. Nadhani kila usiku anavaa barakoa mbele yako, anasubiri uzame usingizini, anaizima.

Mashine hizo zinahesabu saa zake zenyewe. Bonyeza kitufe kikubwa, kishikilie, chagua tarehe ya kuanzia, kioo kitakuonyesha jumla. Fanya hivyo leo hii, mchana, na usiku usimwache alale bila hiyo, hata kama ni kwa kuvuta waya kutoka ofisini.

Kabla hujamkaripia, kuna jambo langu. Uliniuliza ni nani aliyeweka betri ya lori kwenye Konokono. Ni mimi. Ulikuwa unaondoka kesho yake, duka halikuwa na ya sola, na mimi nilikuwa nimekuahidi mbele ya watu kwamba tela litakuwa tayari. Nikasema itashikilia wiki moja. Imeshikilia miaka miwili na mimi nimekaa kimya kila ukinisifu. Swali hilohilo la bondia na mchukuzi nimewafelisha nalo vijana miaka thelathini na moja. Barua yako ya pili iliponiuliza, nilijificha nyuma ya methali. Kwa hiyo mtu wa kwanza kukuficha habari za betri ni mimi, na sikuwa hata na sababu nzuri kama ya mama yako.

Yule mwalimu wa chuoni amenifundisha saa tatu nzima, akaniita "mwanafunzi" mara mbili kwa raha zake. Nimeridhika. Chukua lithiamu ya mia mbili, ile yenye kinga yake ndani dhidi ya joto na chaji kupita kiasi. Ina kilo ishirini na kitu, na kwa vipimo ulivyonitumia inaingia kwenye boksi. Itakupa usiku nne bila jua lolote. Kabla ya kuifunga, bonyeza kitufe cha lithiamu kwenye kisanduku cha chaji. Ukisahau hilo umetupa kila kitu. Bei yake inauma, lakini inauma mara moja.

Anapiga honi. Nenda.

Mjomba wako


10 Machi

Mjomba, shikamoo.

Tuko salama. Naanza na hilo kwa sababu najua unasoma ukiwa umesimama. Kaa.

Barua yako niliipata Ijumaa saa nane mchana. Mama alikuwa nje akianua nguo. Nilibonyeza kile kitufe, nikakishikilia, nikachagua tarehe aliyofika. Usiku kumi na tatu, saa kumi na tano. Nilitoa za usiku wa kwanza, zikabaki kama nusu saa nusu saa kila siku. Nikakaa kwenye kitanda chake na ile mashine mapajani kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

Mama akaingia na beseni la nguo. Nikamwambia, "Mama, hii mashine inasema umeivaa saa kumi na tano."

"Jana?"

"Tangu ulipofika."

Akaiangalia, akaniangalia mimi. "Kumbe nayo ina umbea!"

Nilitaka kukasirika, Mjomba, nilikuwa nimeshajiandaa na maneno. Nikalia badala yake. Mama akaweka beseni chini, akakaa. Akasema: "Sikiliza, mwanangu. Wewe ukiamka hunisalimii mimi kwanza, unaisalimia mita. Siku ile ya kwanza niliivaa usiku kucha, nikalala kama mtoto. Alfajiri ukaisoma ile namba yako, ukairudia kuisoma hadi chai ikapoa. Usiku wake nikaizima kujaribu. Asubuhi ukasoma nyingine, ukacheka, ukanibusu kichwani. Nikajua basi, hiyo namba ndiyo gari la kunirudisha ghorofa ya nne."

"Nani alikuambia habari ya kurudishwa?"

"Ukuta wa kaka yako. Alipokuwa anakupa masharti kwenye simu alidhani amenong'ona. Yule hajawahi kunong'ona tangu azaliwe."

Kwa hiyo alikuwa anajua muda wote. Alijifunza kuamka kabla ya saa yangu kulia, anairudisha barakoa usoni, anawasha, anafumba macho. Usiku kumi na mbili! Nikamwuliza, "Na pumzi ikikukatika?" Akasema, "Nilikuwa nakaa macho nikiisubiri." Ndiyo maana ya kitunguu.

Nami nikamweleza kwamba feni nilikuwa naizima akishalala, ili mashine yake ipate umeme wa kutosha. Mashine yenyewe imezimwa! Tulikuwa watu wawili ndani ya hatua saba, kila mmoja anamwekea mwenzake umeme ambao hakuna aliyeutumia. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akalalia zile nguo safi.

Usiku huo tulivuta waya kutoka kwenye jenereta ya ofisi, mlinzi wa kambi akauchunga asije mtu akajikwaa. Jumamosi tulikwenda mjini wote wawili. Lithiamu ya mia mbili, ile ile uliyosema. Nilibonyeza kitufe mbele ya mama, nikamwonyesha taa yake ya kijani. Daktari wa Kutu aliifunga, akaipiga kofi, haikujibu, akasikitika. Akaniuliza tena ni nani aliyeweka ile ya lori. Nikamwambia ni fundi mmoja mzuri sana aliyekuwa na haraka. Mjomba, yameisha. Ungeniambia tu siku ile ningelala hotelini wiki moja.

Nakiri na kosa langu. Sharti la kaka nilimficha mama ili asihofu, naye akahofu peke yake kwa kunificha mimi. Nimemwandikia kaka kila kitu, pamoja na zile usiku kumi na mbili. Sijui atasema nini.

Mita nimeirudisha ofisini.

Futi


25 Machi

Kaka, shikamoo.

Leo naandika mezani, hadharani, na Futi anasoma begani kwangu na kusahihisha. Nimemfukuza.

Nisamehe kwa barua ile ya juu ya sufuria. Nilidhani nakutuliza, kumbe nilikuwa nakupigia kengele. Sikuzima kwa ubahili, usije ukaanza tena kuniita Zimataa mbele za watu. Nilizima kwa sababu nilikuwa nimepata mlango wa kutokea nje, nikaogopa.

Mwanangu mkubwa alifika Ijumaa. Alikuja na uso wa hakimu. Barua ya Futi alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Hakunisalimia vizuri, alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akashikilia kitufe kama alivyoelekezwa. Nikamwambia, "Haya, isome kwa sauti, wewe si mtu wa kunong'ona." Akasoma kuanzia ule usiku wa waya wa ofisini: usiku kumi na nne, saa mia moja na tisa. Akahesabu kwa vidole. Akakaa chini kwenye ngazi ya tela, akavua viatu, akasema, "Mama, hapa kuna chai?"

Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili, jua halikuonekana hata la kuombea. Alikuwa ameleta nguo za siku moja, akakaa tatu, akilala sakafuni miguu yake ikitokea jikoni. Kila usiku alikuwa anainuka kusikiliza kama mashine inavuma. Usiku wa tatu hakuinuka. Alikoroma yeye mpaka Futi akamrushia mto. Asubuhi ile betri ilikuwa bado na zaidi ya theluthi yake. Alipoondoka hakusema kitu juu ya kunichukua. Alisema tu niandike ninachohitaji kutoka kule nyumbani, aniletee mwezi ujao. Nimeandika kiti changu na ile redio.

Kichwa hakiumi, kaka. Nimekata vitunguu vya kambi nzima na vidole vyangu kumi viko hapa. Nimeota ndoto, zamani sikuwa naota. Nikishamaliza kula mchana, sasa najilaza kidogo kwa starehe yangu, saa moja, saa moja na nusu, bila kuanguka ovyo. Hapo mashine naiacha ipumzike, nayo ina haki yake, si imefanya kazi usiku kucha?

Dada yako


28 Machi

Dada yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti, peke yangu, na mwishoni nikagundua nimesimama katikati ya chumba na miwani mkononi. Nilikaa. Sikuwa na cha kufanya na ile furaha, nikafagia uwanja.

Kwa zile usiku kumi na mbili sina neno la kukulaumu. Nimefikiria nini kingetokea, nikafikiria tena, kisha nikaamua kuacha, kwa sababu uko hapo unamfukuza Futi mezani. Mwanao naye mwambie nimemheshimu zaidi kwa kuvua viatu kuliko kwa masharti yake yote.

Na kwa kuwa mimi ni mimi, nimehesabu. Umetumia arobaini kila usiku, paneli haikurudisha kitu cha maana kwa siku mbili, na ikabaki zaidi ya theluthi. Ndivyo inavyotakiwa. Usiogope kuitumia. Betri hii imenunuliwa iishe na ijae, iishe na ijae, kwa miaka mingi, ukiibana haikushukuru.

Lakini sentensi yako moja imenifanya nishike kalamu kabla hata ya kunywa maji. Mashine haichoki, dada, na haina haki ya kupumzika. Pumzi yako haijui saa. Inakatika ukiwa usingizini, iwe usiku au saa nane mchana. Futi nimeshamwandikia aongeze ampea-saa sita kwenye karatasi yake, na betri ina nafasi ya kuzibeba bila hata kuzisikia.

Basi leo, ukishamaliza kula na kujinyoosha kwa huo usingizi wako wa mchana, vaa barakoa kwanza na uwashe mashine.

Kaka yako